Mfalme Midas Alivyofungua Hoteli Kamwokya

Ukitaka kumpima fundi wa mabango, usimpe neno refu. Mpe herufi O. Herufi zilizonyooka hata mlevi ataziweza akishikiwa rula, lakini O haina pa kujificha. Ikinenepa upande mmoja, mji mzima unaona. Nyinyi vijana wa siku hizi mnabonyeza kitufe, mashine inawatapikia bango la mita sita, O zote duara safi, nanyi mnapiga miayo mkisubiri likauke. Nawaonea wivu kidogo na huruma nyingi. Kazi isiyokuaibisha hata mara moja haiwezi kukufundisha kitu.

Mimi nimeaibika vya kutosha. Niliandika mabango Kampala kwa mkono zaidi ya miaka ishirini, mpaka macho yalipoanza kunionyesha mistari miwili palipo na mmoja. Kwetu ni upande wa Busia ya Kenya. Nilivuka mpaka baada ya vita vya themanini na sita kwisha, nilipoambiwa kwamba huko watu wanafungua maduka na hakuna wa kuyaandika majina. Hawakunidanganya. Kuta zilikuwa na matundu ya risasi, na kila mwenye duka alimwita kwanza fundi wa plasta, kisha sisi.

Kila mtu alitaka kuonekana ameanza upya, kwa hiyo kila duka likaitwa New. Mtaa ulipojaa New, aliyechelewa akataka Original New. Chumba chenye meza mbili na birika kiliitwa International. Nilimwandikia bwana mmoja neno hilo juu ya mlango mfupi kiasi kwamba mataifa yenyewe yangelazimika kuinama ili yaingie kunywa chai.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Salongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Karakana yake ilikuwa Kisenyi, katikati ya gereji mbili, na mabango yetu yote yalitoka na harufu ya oili chafu. Salongo alikuwa na mkono ambao sijauona tena. Alivuta mstari wa mita mbili bila kupumua, na ukiuwekea rula, rula ndiyo iliyoona haya.

"Mukenya," aliniambia siku ya kwanza, "hesabu herufi kwanza. Ile ya katikati nasimama katikati ya ubao. Ndio unaenda kushoto, ndio unaenda kulia. Langi usichovye nyingi. Brashi halewi."

Mimi nilikuwa mjuaji. Bango la bucha moja nililianzia kushoto kama mtoto wa shule, nikafika kwenye neno la mwisho ubao umekwisha. Nikazipindisha herufi tatu zikashuka na mwimo wa mlango. Mwenye bucha alidhani ndio mtindo wa Nairobi, akanishukuru sana. Salongo hakunishukuru. Alinipa tapentaini na kitambaa, akaketi juu ya kopo, akanitazama nikifuta mpaka mwisho.

Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: fundi hasomi. "Fundi naandika tu," alisema. "Kusoma ni kazi ya mwenye duka." Mteja alileta karatasi, sisi tukaikuza juu ya ubao jinsi ilivyo, na kosa lake ni lake. Niliiona sheria ya kijinga. Baadaye nilijua kwa nini aliipenda.

Sasa, kulikuwa na kitabu. Kilitoka katika nyumba ya Mzungu aliyekimbia vita, na Salongo alikiweka kwa sababu ya herufi zake. Ilikuwa ni hadithi za Wagiriki wa kale, miungu yao na wafalme wao, na kila hadithi ilianza na herufi moja kubwa iliyopambwa kwa majani na ndege. Salongo alizinakili hizo kwa wateja wenye majivuno. Kurasa zilizokuwa na herufi ya urembo alizitunza. Zile nyingine, zenye maandishi matupu, alizichana moja moja akapangusia brashi. Kwa hiyo kila hadithi ilibaki na kurasa zake mbili za mwanzo, na mwisho wake ulikwenda na rangi.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, yaani cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini siku moja mvua ilitufungia ndani, nikaanza kusoma chini ya herufi iliyopambwa. Nikakutana na mtu aliyeiba moto kwa miungu akawapa binadamu. Nikajiuliza, huyu anafanana na nani? Anafanana na kila fundi wa gereji ya jirani anayechomea vyuma kwa umeme wa wizi. Kuanzia siku ile sikupona. Nilinunua kamusi isiyo na jalada. Neno nisilolijua nililiandika kwa chaki nyuma ya ubao, nikalitazama nikikoroga rangi, na kufikia jioni lilikuwa langu. Niseme kweli, ilikuwa furaha kubwa kuliko nyingi nilizozipata maishani. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na kichwa changu kilikuwa kinafunguliwa madirisha.

Tatizo la kufunguliwa madirisha ni kwamba unataka majirani wote wajue. Nikaanza kuwagawia wateja majina. Mwenye lori mmoja wa kwetu, msafirisha vitunguu, nilimpa jina la Ikarus, kijana aliyeundiwa mabawa na baba yake. Ukurasa wangu uliishia wakiwa wameruka, watu chini wakiwashangaa. Lori hilo lilianguka mtaroni karibu na msitu wa Mabira, vitunguu vikatapakaa njia nzima, dereva na msaidizi wake, turniboi, wakatoka wakikung'uta vumbi. Wakati huo sikujua kwamba Ikarus naye mwishoni huanguka, kwa hiyo sikuona uhusiano wowote. Mwenye saluni nilimpa Pandora, msichana aliyepewa zawadi na kila mungu na sanduku zuri juu yake. Wasusi wa saluni ile waligombana kutwa kucha. Sikujua kwamba sanduku lile lilijaa balaa, nikadhani ni joto la mashine za kukaushia nywele.

Watu wakaanza kuniita Profesa. Nikaanza kutembea na kalamu mfuko wa shati, mimi niliyekuwa nafanya kazi kwa brashi. Mkiona mtu ameanza hivyo, vijana, msimkopeshe masikio.

Basi akaja Mama Afande.

Mama Afande alikuwa Mwacholi wa kaskazini, ambako vita vilikuwa bado vinaendelea, mjane wa polisi. Mumewe alikuwa Mwislamu wa West Nile, mwenyewe Mkatoliki, na hajawahi kueleza mtu walivyopatana. Walikuwa na Idi na Krismasi, basi. Alituletea chakula Kisenyi kila mchana, sufuria kichwani, na mboga yake ya malakwang iliyoungwa kwa karanga ilikuwa inatunyamazisha sote, hata mafundi wa gereji. Mumewe alipofariki kwa ugonjwa, familia nyingine ilipangiwa chumba chao katika kambi ya polisi. Akapata banda Kamwokya kando ya barabara: mbele apikie, nyuma alale. Hapo ndipo alipoyaweka maisha yake yote. Banda likikosa wateja, alikuwa anakosa kazi na paa kwa pamoja. Akaja kuniomba bango.

Nikamwambia, "Mama, jina ninalo." Nilikuwa nimelihifadhi kwa hoteli muda mrefu. Midas! Mfalme mkarimu aliyempokea mgeni, rafiki wa mungu mmoja, na kwa wema wake akapewa zawadi: kila atakachokigusa kiwe dhahabu. Kwenye ukurasa wangu aligusa tawi, likawa dhahabu. Akagusa jiwe, likawa dhahabu. Mstari wa mwisho kabisa ulisema mfalme aliingia nyumbani kwa shangwe akaagiza chakula kiletwe. Nani angeomba jina bora zaidi kwa hoteli?

"Kale," akasema Mama Afande. Sawa.

Niliandika MIDAS HOTELI kwa njano iliyoiva na kivuli cheusi. Chini nikachora mkono wa mfalme ukigusa sahani ya matoke, na miale ikitoka. Salongo akaionyesha S kwa kidole, akasema hiyo imesimama vizuri. Kutoka kwake hiyo ilikuwa medali.

Majuma matatu hoteli ilijaa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi, Kato, mtu wa mkasi mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku moja mwalimu wa sekondari ameketi akinyolewa, akaliona bango dirishani akacheka mpaka akakatwa sikio. Kinyozi akamuuliza kuna nini. Mwalimu, bila ubaya wowote, akamsimulia sehemu ambayo Salongo alipangusia brashi: kwamba mfalme aliposhika mkate, mkate ukawa dhahabu. Maji yakawa dhahabu. Na binti yake wa pekee alipomkimbilia, akamkumbatia, binti naye akawa dhahabu, kimya, baridi.

Mwalimu akaenda zake na plasta sikioni. Hadithi ikabaki kwa Kato.

Sasa ni lazima mwelewe mji wetu. Kampala mtu akitajirika ghafla, watu hawaulizi amefanya kazi gani. Wanauliza amemtoa nani kafara. Kwa hiyo hadithi ya Kigiriki ilipotoka kwenye kile kibanda haikuwa na haja ya mkalimani: kuna mfalme alimtoa binti yake apate dhahabu, na yule mama wa kambini ameweka jina lake mlangoni. Mteja wa pili akauliza kama yule mama ana binti. Wa tatu akajibu kwamba alikuwa naye, walionekana wote wakihamia. Wa nne akauliza binti yuko wapi siku hizi. Ilipofika Ijumaa watu wa Kamwokya walikuwa wanavuka barabara ili wasipite mbele ya sufuria zake.

Akaja Kisenyi. Mara hii hakuwa amebeba chakula.

"Mukenya, wewe naandika nini kwa mulango yangu? Watu nasema mimi nauza mutoto. Mwenyekiti wa mutaa anaita mukutano Jumapili. Wakinifukuza nakwenda wapi? Kambini hawanitaki, kijijini kuna vita."

Nikaanza kumweleza kuhusu mfalme mkarimu, nikafika pale alipoagiza chakula. Nilikuwa sijui hadithi inaishaje. Profesa mzima. Nilimwandikia mtu jina juu ya maisha yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma kurasa mbili.

Nikamgeukia Salongo kwa hasira nikamuuliza kurasa nyingine ziko wapi, kwa nini alizichana.

"Kalatasi ni kalatasi," akasema. Halafu, baada ya kupangusa brashi aliyokuwa ameshaipangusa, akasema polepole, "Mukenya, mimi najua sura ya herufi zote. Sauti yao sijui hata moja. Nilikuwa naona hii ina maua, hii haina."

Miaka yote ile nilimdhania mkaidi. Yule mtu aliyeupamba mji nusu yake hakuwahi kusoma hata ubao mmoja wake. Niliona haya, si kwa ajili yake. Nikamwambia nitakwenda kuutafuta mwisho.

Nikautafuta siku mbili. Wauza vitabu walinitazama wakaniuliza kama nataka hesabu za darasa la saba. Bwana mmoja aliyejiita mhadhiri alinieleza kwa nusu saa umuhimu wa Wagiriki, na nilipombana akakiri kwamba hata yeye hakumbuki ilivyokwisha. Mwishowe padri mzee wa parokia yetu alinikalisha akanisimulia. Mfalme alilia akaomba msamaha. Akaambiwa akaoge mtoni. Akaoga, dhahabu ikamtoka ikaenda na maji, akachota maji yale akamwagia binti, binti akapiga chafya na kuuliza kwa nini amelowa.

Niliruka. Ilikuwa na mwisho mwema! Jumapili mchana nilikwenda Kamwokya na kalamu yangu mfukoni kama wakili.

Watu walikuwa wengi kuliko wale wa kanisani asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene mwenye haraka ya kwenda kula, akanipa nafasi. Nikasimulia vizuri, nasema mwenyewe. Kwenye mto niliwaogesha wote. Binti alipopiga chafya, wanawake walipiga makofi. Nikaona Mama Afande amenyoosha mgongo kidogo. Nikakaa.

Kato akasimama, kitambaa cha kunyolea bado begani.

"Webale, Profesa. Mutoto wa mufalme alirudi. Tunashukuru. Sasa huyu wa hapa? Wewe rafiki yake, unakula kwake kila siku. Mutoto anaitwa nani? Yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilijua jina la mto ambamo mfalme alioga. Nilijua majina ya miungu kumi na miwili na ya wake zao. Nilikuwa nimekula chakula cha yule mama miaka mitatu, na sikuwahi kumuuliza mwanawe anaitwa nani.

"Hajui," mtu akasema nyuma. Kisha wengi wakasema. Kunyamaza kwangu kulimwangamiza kuliko maneno yote ya kinyozi. Mtetezi wake mwenyewe hakuwahi kumwona mtoto!

Mama Afande alisimama bila kupewa nafasi. "Anaitwa Zainabu. Yuko shule ya kulala, upande wa Kasubi. Masista nasomesha yeye tangu baba yake alikufa. Mwenyekiti, toa watu, twende tumulete. Sasa hivi."

Mwenyekiti akatoa wanawake wawili wenye sura za kutoamini. Wakaenda naye. Kasubi ni upande mwingine wa mji, na ilikuwa Jumapili, lakini hakuna aliyeondoka. Waliokuwa wamesema wana kazi nyumbani wakakumbuka kwamba hawana. Muuza mahindi ya kuchoma alitokea bila kuitwa. Mimi niliketi peke yangu kwenye benchi, chini ya mkono wa mfalme, na hakuna aliyeniita Profesa.

Walirudi jua likianza kulegea. Zainabu alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, mrefu, sare ya bluu, soksi moja imeshuka. Hakuelewa kwa nini umati wote ule unamtazama. Mwanamke wa kwanza akamshika mkono kuona kama una joto. Wa pili akambana shavu. Wakapanga mstari, watu wazima wenye akili zao, kumgusa mtoto wa watu. Mama Afande, ambaye hakuwa amelia kwenye mkutano, alilia hapo, amesimama mbali kidogo, akimwangalia mwanawe anavyoguswaguswa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nawaambieni hili ili mlijue: mimi ndiye niliyeliandika lile jina.

Mtoto akauliza kuna nini, wakamweleza wote kwa pamoja. Akaangalia bango, akaniangalia mimi.

"Anko, ni wewe uliandika Midas? Hiyo sisi tulisoma praimari siksi. Iko kwa kitabu yetu. Si ungeniuliza?"

Niliutafuta mwisho wa hadithi mji mzima, na ulikuwa umekaa Kasubi kwenye dawati, kwa binti wa mpishi wangu.

"Lakini anko hakumaliza," akawageukia watu, kwa sauti ya mtoto anayependwa na mwalimu wake. "Kuna ya pili. Mfalme Midas aliota masikio ya punda. Akaficha kwa kofia. Mtu mmoja tu alijua, kwa sababu alikuwa anamnyoa."

Watu wakaanza kugeuka.

"Kinyozi alikatazwa kusema. Akajaribu kunyamaza, tumbo ikavimba. Akaenda kuchimba shimo, akaingiza mdomo, akasema, mfalme ana masikio ya punda! Akafukia. Matete yakaota hapo, upepo ikipita, matete yote inasema, mfalme ana masikio ya punda."

"Banange!" mzee mmoja akapiga kelele, akamwonyesha Kato kidole, na Kamwokya nzima ikalipuka. Walicheka mpaka mwenyekiti akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Mwanamke aliyembana mtoto shavu akamuuliza Kato shimo lake amechimba wapi. Kato alijaribu kucheka pamoja nao, kisha akaanza kutafuta funguo zake mifukoni, na ilionekana ziko mbali.

"Mukutano nafungwa," mwenyekiti akasema akifuta macho. "Mwenye njaa aende kwa huyu mama." Akatangulia yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata nilirudi na tapentaini na kitambaa, nikamfuta mfalme, mkono wake na miale yake. Ilichukua asubuhi nzima. Ubao ulipokuwa mtupu niliingia ndani kwa Mama Afande. Alikuwa anachambua maharage. Nikasimama kama mtu aliyekuja kuomba kazi, nikamuuliza anataka niandike nini.

Alinitazama kwanza kuona kama nina jina jingine la Kigiriki.

"Mimi nilikuwa nataka tu watu wajue chakula nakuwa tayari saa ngapi. Wanakuja mapema, nawaambia ngoja, wanakwenda."

Nikatoka nikapiga mstari wa chaki. Nikahesabu herufi, nikaiweka ile ya katikati katikati. CHAKULA TAYARI SAA SITA. Kabla sijachovya brashi nikarudi mlangoni.

"Mama, saa sita kamili, au na nusu?"

Akaacha kuchambua, akafikiri.

"Na nusu," akasema. "Maharage ya soko ya hapa nakataa kuiva."